Rimu za aloi tuzing'arishe wenyewe nyumbani, ila ufa usifichwe na rangi

Mhariri,

Salaam kwako na kwa wasomaji wenzangu wote. Naomba nafasi kwenye ukurasa wa barua niongelee rimu za aloi, hizi ambazo wengi tunaziita spoti rimu. Magari mengi yanayoshuka bandarini kutoka Japani saivi yanakuja nazo, iwe Premio, Subaru, IST au Crown, na yakishakaa hapa pwani miaka kadhaa klia, lile koti la mwisho linalopakwa juu ya rangi, inaanza kutoka magamba, pembeni rimu zimeliwa na kingo za barabara, alafu mtu akienda gereji anaambiwa bosi hizi zimekwisha, tafuta zingine. Mimi napinga kabisa. Rimu nyingi zinazotupwa au kuuzwa kwa kilo kwa wanunua chuma chakavu zinaweza kurudi kwenye hali nzuri ukiwa uani kwako, na ukiifanya kazi mwenyewe unapata kitu ambacho fundi wa haraka haraka hakupi, yaani unaiona rimu ikiwa tupu kabla haijapakwa chochote, unajua ni nzima au ina ufa. Hapo kwenye ufa ndipo hasa ninapotaka kufika, lakini ngoja nianze na kazi yenyewe maana watu wengi wanaiogopa bure.

Sisi wa Tanga tunaishi na chumvi ya bahari kila siku. Aluminiam haipati kutu nyekundu, ikikutana na hewa inajifunika oksaidi nyembamba sana ambayo inailinda. Shida inaanzia kwenye klia. Jiwe likiruka likaitoboa, au fundi pancha akaingiza mtaimbo kwa nguvu wakati wa kutoa tairi, panabaki kijitundu, maji yenye chumvi yanaingia hapo yanatembea chini ya rangi, ndo unaona vimistari vyeupe vinavyojipinda vinazidi kuongezeka kila mwezi. Ukishaviona hivyo kuosha hakusaidii tena na kupaka rangi juu yake ndo kupoteza hela, lazima yote iliyoachia itoke. Ongeza na vumbi la breki, lina chembe za chuma zinazoruka zikiwa za moto zinanasa kwenye rangi, zikipata unyevu zinafanya kutu zenyewe, ndo yale madoa ya kahawia ambayo sabuni haitoi.

Kazi inaanza kwa kutoa gurudumu moja tu, sio yote manne. Gari likae kwenye stendi imara, jeki peke yake haitoshi na matofali yanapasuka, au uvalishe spea tairi wakati rimu iko kwenye matengenezo. Kama unaweza peleka kwa fundi tairi akutolee tairi kabisa, ndo inakuwa safi zaidi, ila kama huwezi toa upepo, sukuma tairi kidogo liachie ukingo wa rimu, alafu chomeka karata za kuchezea kuzunguka pale kati ya tairi na rimu. Karata zinaziba mpira vizuri kuliko gazeti na selotepu, na rangi inafika hadi ukingoni bila kuacha mstari.

Baada ya hapo osha, mbele na nyuma. Narudia, na nyuma. Maji mengi, sabuni ya kawaida, brashi laini, na rimu iwe imepoa. Vumbi la breki usilipulize kwa upepo likaingia kwenye mapafu yako na ya watoto wanaocheza uani, lilowanishe kwanza. Ikishakauka kaa nayo kwenye mwanga wa jua uiangalie polepole, pitisha kidole upande wa ndani, kwenye ukingo wa nyuma na pale spoku zinapoungana na duara. Mashimo ya barabarani yanapiga sana ule upande wa ndani, ambao dereva hauoni kamwe gari likiwa limesimama, na nyufa nyingi zinaanzia huko. Ukiona mstari mweusi ambao hautoki kwa kusugua, simama hapo hapo, usiendelee na kazi ya urembo.

Naomba niseme kuhusu asidi. Kuna sehemu za kuoshea magari wanatumia maji ya betri au zile dawa kali za kung'arisha rimu, unamwagiwa, linatoka povu, dakika mbili rimu inawaka, mteja anafurahi. Zile dawa baadhi zina asidi za floraidi ambazo zinapenya ngozi bila kuuma sana mwanzoni alafu zinashambulia mpaka ndani kwenye mfupa, na vijana wanazishika mikono mitupu, wengine na kandambili miguuni. Kostiki soda, ile watu wanayotengenezea sabuni majumbani, nayo ni adui wa aluminiam, inaila huku inatoa gesi ya haidrojeni ambayo inashika moto, na rimu inabaki na weusi na vishimo vishimo. Hakuna sababu ya kutumia hivi vitu. Sabuni, maji na mkono vinatosha, na kwa rangi ngumu kuna rimuva ya kupaka inauzwa maduka ya rangi, vaa glavu, paka, subiri, ikishavimba kwangua na kipande cha plastiki au mbao. Brashi ya waya ya chuma usiitumie, inaacha chembe za chuma ndani ya aluminiam, na chuma na aluminiam vikikutana na chumvi vinalana.

Na kuna wanaochoma rangi kwa moto ili itoke haraka. Hii ndo inaniuma zaidi. Rimu nyingi za kumimina zinapata nguvu yake kiwandani kwa joto lililopimwa, inapashwa zaidi ya nyuzi 500 inazamishwa ghafla kwenye maji, alafu inapashwa tena polepole kwenye nyuzi kama 150 hadi 170, ndo inakuwa ngumu. Ukiichoma ovyo unaifuta ile kazi yote, rimu inabaki na umbo lile lile lakini laini. Na aluminiam haikuonyeshi. Chuma kikipata moto kinaanza kuwa chekundu unajua umefika wapi, aluminiam safi inayeyuka kwenye nyuzi 660, ya rimu hata chini ya hapo, na kabla ya kuyeyuka haibadiliki rangi ya kukutahadharisha, kwa hiyo fundi mwenye gesi mkononi hajui amepitiliza saa ngapi. Wale wanaonyoosha rimu zilizopinda kwa kupasha na gesi kisha kugonga nyundo, hilo ndo wanalolifanya kila siku.

Sasa msasa. Pale palipoliwa na ukingo wa barabara kuna vijisehemu vimenyanyuka vinakata, vitoe na tupa ndogo kwa mkono mwepesi. Alafu msasa namba 120 kwenye jeraha tu, sio rimu nzima, ukifuatiwa na 240 na 400, na mwisho 600 wa maji rimu yote. Msasa wa maji una faida mbili, unalainisha vizuri na unazuia vumbi, maana vumbi kavu la aluminiam likiwa jingi linaweza kulipuka, kwa hiyo kutumia grainda chumbani madirisha yamefungwa huku mwingine anachomelea geti pembeni ni hatari ya kweli. Vaa barakoa. Jeraha la kina kidogo linaisha kwa msasa peke yake, la kina zaidi unaweza kuziba kwa puti ya epoksi kiasi kidogo, kwenye uso wa mbele tu. Pale tairi linapokaa usipake puti wala usipachonge, pakibadilika kidogo tu tairi litavuja upepo.

Kabla ya rangi futa na spiriti kwa kitambaa safi na usiguse tena kwa vidole, mafuta ya mkono yanatosha kuifanya rangi ibanduke. Aluminiam haishiki rangi kirahisi hivyo tafuta praima, yaani rangi ya koti la kwanza, inayokubali aluminiam, muulize muuzaji, praima ya chuma ya kupakia mageti itakubandukia ndani ya miezi michache. Piga makoti membamba, kopo likiwa kama sentimita 25 hadi 30 kutoka kwenye rimu, subiri kama dakika 10 au 15 kati ya koti na koti, na usijaribu kuziba yote kwa koti moja maana itatiririka. Praima, alafu silva, alafu klia koti mbili au tatu. Tunaoishi pwani tuangalie pia hewa, wakati wa masika au asubuhi sana kukiwa na umande klia inageuka nyeupe ya maziwa, mimi napenda kuanza jua likishapanda kidogo na kumaliza mapema mchana ili ikauke kabla ya unyevu wa usiku. Lala nayo siku nzima kabla ya kurudisha tairi, na kwa wiki ya kwanza osha kwa maji tu. Wale wanaotaka klia ya kuchanganya na hadina, ile dawa ya kuifanya iwe ngumu, nawashauri wawaachie mafundi wenye vifaa kamili, ile hadina ina kemikali inayoleta pumu na barakoa ya kitambaa haizuii kitu.

Wengine hawataki rangi kabisa, wanataka aluminiam yenyewe ing'ae mpaka uone sura yako. Inawezekana, ni msasa wa maji kuanzia 400 ukipanda 600, 800, 1000, 1500 mpaka 2000, kila namba unasugua mpaka mikwaruzo ya namba iliyopita iishe yote, ukiruka moja itakuja kuonekana mwishoni na utarudi nyuma. Alafu polishi ya metali na kitambaa, kitatoka cheusi sana, usishtuke, ule weusi ni oksaidi na chembe za aluminiam yenyewe, endelea mpaka kitambaa kianze kutoka safi. Kwenye drili unaweza kufunga kiduara cha pamba, na viwandani kwa ile hatua ya kwanza ya kung'arisha metali wanatumia viduara vya mkonge, mkonge huu huu tuliokua tunauona mashambani tangu ulipoletwa mwaka 1893, na mimi naona aibu kwamba mkoa wa mkonge hatuna duka la jirani linalouza kiduara cha mkonge cha kung'arishia rimu. Lakini niseme ukweli wangu, kwa pwani sipendekezi rimu nzima iachwe bila klia. Hewa ya chumvi inaifubaza ndani ya wiki chache na klia nayo haikai vizuri juu ya aluminiam iliyosuguliwa mpaka ikawa kioo, kwa hiyo utakua mtumwa wa polishi. Ng'arisha ile dishi ya pembeni, yaani ukingo mpana wa nje wa rimu, kama unayo, ipake nta mara kwa mara, spoku zipige rangi.

Zile za kromu usiziguse na msasa, kromu ikishaanza kubanduka haina dawa ya nyumbani. Na zile zenye uso uliokatwa na mashine, unaona vimistari vyembamba sana vya duara ukiigeuza kwenye mwanga, zile zinarudishwa kwa mashine ya lezi na kila zikikatwa zinapungua unene, nyumbani utaweza kuzigeuza kuwa za rangi tu.

Kuna sehemu mbili ambazo hazitakiwi rangi nene na hapa naomba msomaji anisikilize vizuri. Ile sehemu ya nyuma inayolala kwenye habu, yaani pale gurudumu linapofungwa kwenye gari, na yale matundu ambapo nati zinakaa. Rangi ikiwa nene pale, nati zikikazwa zinaibana, gari likitembea rangi inasagika, nati zinabaki zimelegea bila wewe kujua. Ziba matundu kabla ya kupuliza. Wakati wa kurudisha kaza kwa kukatiza, nati moja kisha ya upande wa pili, sio kwa kuzunguka, na kama una spana ya toki, ile inayopima nguvu ya kukaza, basi Toyota nyingi ndogo kitabu kinasema 103 newtonimita, kusimama juu ya spana kwa miguu miwili sio kipimo. Ukishatembea kilomita 50 mpaka 100 rudia kukaza. Alafu angalia aina ya nati, Toyota nyingi rimu zake za kiwandani zinatumia nati zenye washa bapa, Honda zina kitako cha mviringo, na rimu nyingi za kununua pembeni zinataka nati za koni, ukichanganya nati inagusa sehemu ndogo tu na rimu inaliwa pole pole. Mwisho peleka zikabalansiwe, maana zile risasi za kubalansi zilizobandikwa kwenye rimu umezitoa wakati wa msasa.

Mhariri, sasa nifike kwenye lililonifanya nikae niandike. Jirani yangu aliuziwa seti ya rimu zilizotumika, zimepigwa silva nzuri inang'aa, kila mtu mtaani alizisifia. Moja ikawa inapoteza upepo. Akabadilisha valvu, akabadilisha tairi, upepo bado unaisha. Tulipokaa nayo uani tukaitoa rangi upande wa ndani tukakuta puti, chini ya puti kuna alama ya kuchomelea, na pembeni ya ile weldi ufa mpya umeanza kutembea. Huyu mtu alikua anapakia familia anakwenda nayo Segera, anakunja kuelekea Chalinze, kwenye barabara ambayo mabasi na malori yanapishana kwa kasi, na kilichokua kinamshikilia ni puti na silva. Aliyeuza alijua. Mtu hawezi kupaka puti juu ya ufa kwa bahati mbaya, amekaa akasugua, akalainisha, akapuliza rangi, muda wote huo anauangalia ufa.

Kuchomelea aluminiam kwa gesi ya agoni mafundi wetu wanajua na wengine ni hodari kweli, siwadharau. Lakini joto la weldi linalainisha ile sehemu ya pembeni kwa sababu niliyoitaja pale juu, na hakuna uani wala gereji ya mtaani inayorudisha ule ugumu wa kiwandani. Kuziba kijitundu kwenye ukingo wa mbele ni jambo moja, kuunganisha ufa kwenye spoku au kwenye duara la ndani ni jambo jingine kabisa, hilo la pili mimi nasema rimu iende kuyeyushwa.

Kwa hiyo ombi langu ni kwa wauza rimu zilizotumika, kuanzia hapa Tanga mpaka Ilala na Gerezani Dar. Uzeni rimu zikiwa zimeoshwa tu, bila rangi upande wa ndani, mteja aone. Kama imechomelewa sema, na bei iseme hivyo hivyo. Mteja naye asinunue mng'ao. Geuza rimu, tafuta alama ya JWL ambayo ni kiwango cha Japani cha rimu za aloi za magari madogo, mara nyingi iko pamoja na ya VIA, taasisi ya Japani ya ukaguzi wa magari, imetokeza kwenye aluminiam yenyewe sio stika. Alama peke yake haisemi kwamba rimu haijapasuka baadaye, inasema tu ilitengenezwa kwa kiwango, hivyo ikishafungwa tairi mwambie fundi aijaze upepo apake maji ya sabuni kote upande wa ndani, povu likitokea mahali ambapo hapana valvu wala ukingo wa tairi, rudisha.

Trafiki nao kila Wiki ya Nenda kwa Usalama Barabarani wanakagua magari na kutoa stika, wanaangalia tairi kama zina kashata (yaani meno), taa, breki. Naomba waongeze kuinama na tochi kuangalia nyuma ya rimu, ni sekunde chache kwa kila gurudumu. Na VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi, wakifikiria kozi fupi ya jioni ya matengenezo ya rimu, kung'arisha, kupaka rangi na kutambua ufa, vijana wengi wa gereji watajiunga, maana kazi ipo na wateja wapo, kinachokosekana ni mtu wa kuwaambia moto usiguse rimu na asidi isiguse mkono.

Na gazeti lako, Mhariri, mnatupa kurasa nzuri za michezo na siasa, tunazisoma. Tunaomba na mwandishi mmoja apite madukani na gereji aandike kuhusu hizi rimu za kufichwa ufa, na mkihitaji mtu wa kuwaonyesha rimu iliyotolewa rangi inavyokaa, ile ya jirani tumeihifadhi haijauzwa, mje mpige picha.

Msomaji wenu,
Makorora, Tanga.